Nilijiunga Nikiwa na Hofu

Jumamosi moja alasiri, katika ua wa nyuma wa duka la vitambaa hapa Tabora mjini, ndugu mmoja kutoka Dar es Salaam alifunga kitabu alichokuwa akitusomea kwa sauti, akanitazama, akaniuliza, "Ndugu, wewe uko ndani au uko nje?"

Wenzangu wote wakageuka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Nikapiga funda kubwa ili nisijibu haraka, nikaungua ulimi.

"Nipo," nikasema.

"Upo wapi?"

"Nipo hapa."

Wakacheka, na yeye akacheka, mazungumzo yakaendelea. Lakini mimi sikusikia neno jingine mpaka adhana ya magharibi ilipotutawanya.

Tulikuwa watu wachache. Mwenye ua alikuwa rafiki yangu tangu sekondari, binti wa familia ya wafanyabiashara ambao mababu zao walikuja kutoka Omani zama za misafara ya pembe za ndovu, wakabaki. "Huku naitwa Mwarabu," alikuwa akisema, "na binamu zangu wa Maskati wananiita Mswahili. Basi mimi nimeamua kuwa mtu wa Tabora, wao watajua wenyewe." Walikuwapo pia mafundi cherehani wawili waliokuwa wakishonea barazani kwa mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, na mhudumu wa zahanati. Huyo ndugu wa Dar alikuwa amefukuzwa chuo kwa sababu ya mgomo, akaja kukaa kwa shangazi yake. Ndiye aliyetuletea habari za vuguvugu.

Vuguvugu lenyewe halikuwa chama cha siasa. Lilisema vyama vyote vimezoea kula kwenye sahani moja. Lilitaka ardhi iwe ya wanaoilima. Lilitaka mkulima wa tumbaku asiwe mtu wa kusubiri uwanjani kuambiwa jani lake ni la daraja gani. Na lilisema haya hayatakuja kwa kupaka chokaa ukuta uliooza, lazima msingi uchimbwe upya. Yule ndugu alipokuwa akiyasema hayo, akipiga kiganja kwa kiganja, moyo wangu ulikuwa unapanda kama maziwa jikoni. Nikishatoka nje, nikifika kwenye kona ya soko, unashuka.

Wakati ule nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Nilisomea ualimu chuo kikuu, nikaomba kazi serikalini kila nafasi zilipotangazwa, jina langu halikutoka. Nikapata kibarua cha kufundisha historia katika shule moja binafsi, muhula kwa muhula, bila kujua kama muhula ujao nitakuwapo. Kwa wazazi wangu Usoke, mama alikuwa ameacha kuniuliza habari za kuolewa, na kuacha kwake kuliniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Kwa hiyo kulikuwa na jambo nililoliogopa zaidi ya polisi. Nilijiuliza kama nayaamini kweli haya tunayosoma, au nimechoka tu kukaa bila jambo la kufanya. Kama jina langu lingetoka kesho, nikapangiwa shule ya serikali huko Rukwa au Mtwara, ningemkumbuka nani wa ua ule? Mwanamapinduzi na mtu asiye na ajira wanafanana sana kwa mbali. Wote wana muda mwingi, wote wana hasira.

Jambo la pili lilikuwa dogo na la aibu. Sikujua mtu akishajiunga anafanya nini. Ukijiunga na kwaya, unaimba. Ukijiunga na kikundi cha kina mama, mnazungushiana mchango. Sisi tulisoma, tukabishana, tukanywa chai, tukaagana. Sikumuuliza swali hilo ndugu wa Dar kwa kuogopa kuonekana mjinga. Nilimuuliza rafiki yangu, tukiwa tunakunja vitenge dukani.

"Shoga, hivi sisi tunafanya nini hasa?"

Akakunja kitenge kimoja, akakiweka, akakunja kingine. "Tunajipanga."

"Tunajipanga kwenda wapi?"

"Wee nawe! Ungekuwa unajua safari yote usingehitaji wenzako." Kisha akacheka na kusema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nalala na swali hilo hilo."

Shuleni nilikuwa nafundisha habari za njia ya misafara, ile iliyopita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kitabu cha kiada kilikuwa na ukurasa wa wafanyabiashara na aya fupi ya wapagazi. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wapagazi walikubali tu kubebeshwa?"

Nikamwambia hapana. Nikawaeleza jinsi babu zao Wanyamwezi walivyokuwa na sifa ya kazi ile, na jinsi walivyoweza kutua mizigo yote njiani na kukaa kitako, wakasema hawanyanyuki mpaka posho itolewe. Msafara mzima unasimama, tajiri anapiga kelele, watu wamekaa. Darasa likafurahi sana. Yule msichana akauliza tena, "Na yule wa kwanza kutua mzigo, hakuogopa?"

Nikasema bila shaka aliogopa. Kengele ikalia. Niliondoka darasani nikiwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu nilikuwa hodari wa kuwasifu watu waliokufa.

Likizo fupi ya Pasaka nilikwenda nyumbani Usoke. Ulikuwa wakati wa kupanga tumbaku kwa madaraja. Baada ya ibada ya Moraviani na chakula, siku iliyofuata tukakaa kibandani kando ya bani, ile nyumba ya kukaushia, baba na mimi, tukichambua majani. Tumbaku ikikauka vizuri ina harufu tamu kama ya asali iliyochacha, na inakugandisha vidole. Baba yangu hapendi maneno wakati wa kazi. Mimi ndiye niliyeanza.

"Baba, nina watu tunakutana nao Jumamosi."

"Watu gani?"

"Vijana tu. Tunasoma, tunajadili habari za ardhi, za wakulima."

"Chama?"

"Hapana. Ni vuguvugu."

Akaligeuza jani, akaliweka kwenye fungu lake. "Mnaitanaje?"

"Ndugu."

Mkono wake ukasimama. 

"Neno zuri," akasema. "Mgambo aliyekuja kumhamisha bibi yako naye alimwita ndugu. 'Ndugu, toa vyombo nje.' Enzi zile za kuhamishiwa vijijini. Mimi nilikuwa mdogo, nikapewa kubeba kuku. Tulipofika kwenye njia panda nikageuka, nikaona paa letu linawaka. Walilichoma ili tusirudi. Bibi yako akataka kurudi kuchukua jiwe lake la kusagia. Wakamzuia. Akarudi tena. Wakamzuia. Walituambia tunakwenda kujenga usawa."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nilijua tu kwamba bibi alitoka mahali pengine.

"Lakini baba, si kuna shule ilijengwa pale mlipohamishiwa? Wewe umesoma pale."

"Nimesoma. Kusoma kwangu ndiko kulikokusomesha wewe. Na bibi yako alikufa hajawahi hata siku moja kupaita pale nyumbani. Yote mawili ni kweli, mwanangu, mimi siwezi kukuchagulia moja." Akachukua jani jingine. "Ila hao ndugu zako, waulize. Wakishinda, watabisha hodi?"

Mama alituita kunywa uji. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi Tabora nikiwa mzito kuliko nilivyoondoka. Kabla ya hapo niliogopa kukamatwa, niliogopa kuaibika. Sasa niliogopa pia kwamba sisi, wenye maneno mazuri, tungeweza siku moja kuwa watu wa kumwambia bibi wa mtu atoe vyombo nje. Jumamosi mbili sikwenda uani. Rafiki yangu akaja kunigongea nyumbani.

"Umetuacha?"

"Nimepumzika."

"Umejificha," akasema, akajikalia kitandani mwangu bila kukaribishwa. Nikamsimulia habari ya bibi. Hakunibembeleza. Akasema, "Basi uje uyaseme hayo pale. Ukiyanyamazia yatakuwa yako peke yako, na sisi tutabaki wajinga."

Nikamwahidi. Lakini kabla sijayasema, kukaja habari ya Usinge.

Usinge iko Kaliua, pembeni mwa misitu ya hifadhi. Yule mhudumu wa zahanati alikuwa na dada yake aliyeolewa katika kitongoji kimoja cha huko, naye akaleta habari kwamba watu wameambiwa mashamba yao yamo ndani ya hifadhi. Walikuwa na mpaka wa zamani waliouheshimu. Sasa umetajwa mpaka mwingine, na wataalamu watakuja kuweka bikoni, zile nguzo fupi za zege. Ndugu wa Dar akasimama palepale. "Tunakwenda," akasema. Likizo ya Juni ilikuwa imefika, sikuwa na kisingizio.

Tulikwenda watatu, yeye, rafiki yangu na mimi. Basi mpaka Kaliua, kisha bodaboda katika vumbi jekundu la kiangazi, rafiki yangu amejifunga mtandio mpaka machoni. Watu wa kitongoji walitukusanyikia kwenye uwanja wa shule. Tukasalimiana, wazee wakapewa shikamoo zao, tukapewa viti vya darasani.

Ndugu wa Dar alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alieleza mabepari, alieleza ardhi, alieleza jinsi mnyonge anavyogeuzwa mgeni kwake mwenyewe. Wakapiga makofi. Makofi ya adabu, kama ya kumpigia mgeni wa harusi. Kisha akasimama mama mmoja, mnene kiasi, kanga begani, mikono yake ina udongo wa karanga. Alizungumza Kiswahili taratibu.

"Tumewasikia. Maneno haya ni mazuri. Sasa mimi nauliza. Wale wa kuweka alama huwa wanakuja siku ambayo wanaume wamekwenda mnadani. Tunabaki sisi na watoto, tunasomewa karatasi ya maneno magumu, tunaambiwa tuweke dole gumba. Ninyi mkishaondoka leo, nani anabaki?"

Ndugu wa Dar akafungua mdomo, akasema kitu juu ya kuunda kamati. Mama yule alikuwa bado amesimama.

"Nitabaki mimi," nikasema.

Mpaka leo sijui ile sauti ilitoka wapi. Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa na nguo za siku moja na dawa ya meno. Rafiki yangu akanitazama, akafungua mkoba wake, akanipa mtandio wake mwingine na kanga. Jioni ile wao waliondoka, mimi nikabaki kwa mama yule.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Hakuna aliyejua anitumieje, na mimi sikujua nijitumeje. Nikamsaidia mwenyeji wangu kung'oa karanga. Tulipukuchua mahindi. Wanawake walinizoea kwa sababu ya kazi, na kwa sababu Kinyamwezi changu kiliwachekesha. Wengi wao walikuwa Wasukuma, lugha zetu ni jirani, tunaelewana kama watu wa nyumba mbili zenye ua mmoja. Walianza kuniita mayu, yaani mama, kwa utani kwanza.

Alasiri, kazi ikipungua, tulikaa nyuma ya ghala nikawasomea ile karatasi ya tangazo, neno kwa neno, na kila neno gumu tuliligeuza mpaka kila mmoja aseme amelielewa. Tulipofika kwenye neno "wavamizi," mwenyeji wangu aliniambia nirudie.

"Maana yake?"

"Mtu aliyeingia pasipo pake."

"Mimi nililetwa hapa bibi harusi. Nimezaa hapa, nimezika hapa. Nimekuwa mvamizi lini?"

Tukatembea pamoja kwenye mpaka wa zamani, wote, hata wenye watoto mgongoni. Kila mmoja akaonyesha. Hapa kisima kilichochimbwa na mkwe wangu. Hapa kaburi. Msitu wenyewe ulianzia kwenye korongo, nao hawakuwa wamekata mti hata mmoja ng'ambo yake, kwa sababu waume zao hutundika mizinga ya nyuki humo. Niliona kwamba hawahitaji kufundishwa ubepari. Walichohitaji ni wasikutwe peke yao.

Walikuja siku ya mnada, kama alivyosema. Gari moja la serikali, vijana wa kubeba zege, na ofisa mmoja mwenye kofia ya kujikinga jua. Habari ya kuja kwao iliwatangulia. Wanawake wakaacha jembe na sufuria, wakaenda kukaa chini, katikati ya njia inayoelekea korongoni. Hawakupiga kelele. Walikaa, wengine wananyonyesha. Nikakaa nao mstari wa pili. Nilimwaza mama yangu, niliwaza shule, niliwaza kwamba naweza bado kuinuka na kwenda nyuma ya ghala kana kwamba naenda kujisaidia. Vidole vyangu vilishika udongo.

Ofisa akashuka. Hakuwa mtu mkali. Alionekana amechoka na ametumwa.

"Habari za hapa, kina mama. Nani kiongozi wenu?"

Mwenyeji wangu akasimama. Akaanza kusema, na akasema kwa Kisukuma. Ofisa akatikisa kichwa. "Mama, Kiswahili unakijua."

"Nakijua," akasema kwa Kiswahili. "Lakini jambo hili nitalisema kwa lugha niliyowalilia wanangu." Akageuka akanitazama. "Mayu, simama unitafsirie."

Ndivyo nilivyosimama. Akasema sentensi moja, akanyamaza, akanisubiri.

"Anasema, mimi nimezika watoto wawili upande ule mnakotaka kuweka alama," nikasema.

Akaendelea, nami nikafuata. "Anasema, mimi sikatai hifadhi. Anasema, mimi ndiye niliyeilinda kabla ninyi hamjaja. Anasema..."

Mahali fulani katikati, neno "anasema" likaniponyoka. Nikawa nasema tu, "Mimi sitoki hapa kwa kusomewa karatasi siku ya mnada. Njooni siku ya mkutano wa kijiji, wanaume wawepo, wazee wawepo, tutembee mpaka wote." Sauti yangu ilikuwa imetulia. Sikuwa nimejua kwamba hofu na sauti iliyotulia vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ofisa akavua kofia, akajifuta jasho. Akapiga simu, akiwa amejitenga kando ya gari. Aliporudi akasema shughuli ya leo imeahirishwa, itapangwa siku ya mkutano. Kisha akaninyooshea kidole, bila ubaya. "Wewe dada siyo wa hapa. Utakuja na sisi ukatoe maelezo."

Wanawake wakasimama wote kwa pamoja. Mwenyeji wangu akaniuliza kwa Kisukuma kama nataka wakae mbele ya gari. Nikamwambia hapana, nitakwenda. Akafungua pindo la kanga yake, akanitia mkononi karanga za kukaanga, kama vile nakwenda safari ya mbali.

Kwenye kituo cha polisi nilikalishwa kwenye benchi mchana wote. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitukana. Askari wa kike wa rika langu ndiye aliyeniuliza maswali. Jina, kabila, dini, kazi. Kisha akauliza, "Wewe ni wa chama gani?"

"Sina chama."

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Niko kwenye vuguvugu la wakulima na ardhi. Mimi ni mwanachama wake."

Akaandika. Mimi nikabaki nimeshangaa, maana wenzangu nilioshindwa kuwajibu kwa miezi mingi walikuwa mbali, na niliyemjibu alikuwa amevaa magwanda. Aliporuhusiwa kuniachia, alinisindikiza mpaka mlangoni. "Dada," akaniambia, "kuwa mwangalifu." Sikujua kama ni onyo au ni huruma. Nikamwambia ahsante, kwa sababu yote mawili yanajibiwa hivyo.

Nilimpigia baba simu kabla hajasikia kwa watu. 

"Walikuuliza nini?"

Nikamwambia.

"Na wale kina mama, bado wako kwao?"

"Bado wako kwao, baba."

Nikasikia anasafisha koo. "Siku ile sisi hatukuwa na mtu wa kukaa nasi njiani," akasema. "Hao ndugu zako bado siwaamini. Lakini hapo ulikaa vizuri." Kisha akanipa mama, mama akanifokea mpaka salio langu likaisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uani. Ndugu wa Dar alinipokea kwa kunikumbatia, ananiita shujaa, anataka niwasimulie wote jinsi dola ilivyorudi nyuma. Nikawasimulia. Nilipomaliza nikasema nina jambo jingine, nikaisimulia habari ya bibi, ya paa na ya jiwe la kusagia. Fundi cherehani mmoja, mzee kuliko sote, akawa anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Alikuwa na yake.

"Ndugu, hayo yanajulikana," akasema yule wa Dar kwa upole. "Yalikuwa makosa ya utekelezaji. Nia ilikuwa sahihi."

"Nyumba ya bibi yangu haikuwa kosa la utekelezaji," nikamjibu. "Ilikuwa nyumba."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilisema nataka tukubaliane jambo moja, kwamba vuguvugu letu hapa halitamwondoa mtu kwake kwa nguvu, hata kwa jina la watu wote, hata tukishinda. Na kwamba hatuendi mahali kuhutubia kabla ya kuwasikiliza waliopo. Yeye akasema mapinduzi hayawezi kufungwa mikono kabla hayajaanza. Rafiki yangu akasema mikono isiyokubali kufungwa ndiyo ya kuogopwa. Mama yake, ambaye siku zote alileta chai na kuondoka, safari hii alibaki amesimama mlangoni na sinia mkononi. Akasema, "Hata sisi duka la babu wa wanangu lilichukuliwa na serikali kwa maneno matamu. Msikilizeni huyu."

Tukakubaliana, wote isipokuwa yeye. Hakugombana nasi. Aliendelea kuja kwa muda, kisha akarudi Dar es Salaam. Bado anatuandikia, bado anatuita waoga wa mageuzi, na bado nampenda, kwa sababu bila yeye ningekuwa nakunja vitenge tu Jumamosi.

Shule ilipofunguliwa, mkuu wa shule aliniita. Alikuwa amesikia. Akaniambia kwa heshima kwamba wazazi wana wasiwasi, na kwamba niandike kuahidi kuwa sitajihusisha tena. Nikamwomba siku ya kufikiri. Sikuitumia. Nilipofika mlangoni nikarudi, nikamwambia siwezi kuahidi. Nikaenda darasani kuwaaga wanafunzi wa kidato cha pili, nikawaambia wasome kwa bidii, sikuwaambia zaidi, nikatoka na mfuko wangu wa chaki na vitabu.

Mkutano wa kijiji ulifanyika. Mpaka ulitembelewa na wote. Haukuwa ushindi wa kuchezea ngoma. Upande wa kisima na makaburi ulibaki kwa watu. Upande wa magharibi familia kadhaa zilipoteza mashamba, na mwenyeji wangu alikatiwa kipande chake cha karanga. Alinipigia mwenyewe kuniambia, akilia na kutukana kwa zamu, kisha akauliza nitakwenda lini kumsaidia kusafisha kipande kingine alichopewa. Nilikwenda. Ninakwenda bado.

Siku hizi ninafundisha tuisheni kwenye chumba cha uani kwa rafiki yangu, jioni, watoto wa jirani. Siku nyingine niko njiani. Jina langu lilitoka hatimaye kwenye ajira, baada ya mwaka, shule ya mbali kusini. Nilikaa na tangazo lile kwenye simu kutwa nzima. Mama aliomba, alilia. Nikajiuliza tena lile swali langu la zamani, na safari hii nilikuwa na cha kupimia, niliwajua watu kwa sura, nilijua shamba la nani liko wapi. Nikaiacha nafasi ile. Sijui kama nilifanya vyema kwa mama yangu. Kwa nafsi yangu najua.

Hofu haikuondoka. Nilidhani inaondoka mtu akishaamua, lakini ikaja nami, kama mbwa asiyefukuzika. Mwezi uliopita tulialikwa Ipole, kule Sikonge, na watu wanaofuga nyuki na kulima tumbaku, ambao wana ugomvi wao juu ya msitu. Tulifika mchana, rafiki yangu na mimi. Watu walikuwa wamekaa wakitusubiri, wengine wamekunja mikono, wengine wananong'ona juu ya hawa wasichana wawili wa mjini. Nikasimama, nikawaamkia wazee, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba." Nikawaambia sisi ni akina nani na tumetoka wapi, nikasema tungependa kuanza kwa kuwasikia. Kisha nikatafuta nafasi kwenye mkeka, kati ya mama mmoja na mkwewe, nikakaa.